Maji Yaliyosimama

Jino la kwanza lilitoka mfunguo mosi,
la pili kabla ya Maulidi.
La tatu lilikuwa zima, jeupe, halina kosa;
nililiona ndani ya kisahani cha chuma
likinitazama kama mtu aliyefungwa
kwa deni la jirani.

Maumivu yakabaki palepale.

Wala si ya kuuma. Kuuma nakujua:
nimezaa watatu, nimevunjika kifundo
kwenye ngazi za Langoni na ndoo kichwani.
Haya hupiga, yakaenda zake.
Hayabishi hodi. Shavu la kulia, toka sikio hadi mdomo,
waya wa taa umeguswa na mkono uliorowa,
kisha kimya,
na kimya chenyewe ndicho nikiogopacho.

Upindo wa buibui watosha. Feni yatosha.
Kumeza uji. Kusema "karibu".
Nikitawadha, mkono ukifika usoni husimama hewani,
maji yakateremka kiwikoni bure.
Nilijaribu kutayamamu:
hata vumbi lina mkono mzito.

Kazi yangu ni kushona kofia za vishimo.
Uzi huulainisha midomoni kabla ya kuutunga;
mwaka ule niliacha.
Bwana Famau akasema mishono yangu imelegea.
Sikumjibu. Hakuwa adabu, ulikuwa woga wa mdomo wangu.

Wakasema kijicho. Wakasema baridi ya sakafu.
"Ni ino," akashikilia shangazi Mwanakombo,
"mano ya ukoo wetu ni mabovu yote."

Daktari kijana hakutaka kuona meno.
Alinigusa kwa ncha ya pamba, nikaruka;
akanigusa kidevu, sikuhisi kitu.
"Hapo," akasema. "Maumivu huku, ganzi kule.
Neva ya uso ina kitu kimeiegemea.
Mara nyingi huwa mshipa wa damu.
Wako sidhani."

Kila tuta baina ya Mokowe na Malindi
nimelihesabu kwa shavu.

Nyevu, fundi wa picha, akanivua pete,
kipini, pini za ushungi, hata hirizi yenye bati.
"Usitikisike, mama. Mate meza polepole."
Nikaingizwa kwenye mwanandani mweupe unaogonga,
kama watu kumi wanaovunja kokoto
na hakuna hata mmoja anayechoka.

Picha za kwanza: maji.
Maji ya ubongo, meusi kwenye hii, meupe kwenye ile,
yametulia mahali pa maji.
Mwenye haraka angefunga faili,
nami ningerudi Lamu kung'oa la nne.

Lakini Nyevu aliona neva imepinda
na maji hayapindi mtu.
Akamwita daktari wake, wakapiga nyingine,
picha isiyouliza maji rangi yako gani,
huuliza: unatembea?

Maji ya kweli hutembea,
hata kichwani mwa mtu aliyelala kimya.
Haya yalikuwa yamesimama.
Yakawaka, donge jeupe nyuma ya sikio,
limeikumbatia neva kama mtoto
asiyetaka kuachishwa ziwa.

"Si saratani," daktari akaniambia.
"Ni ngozi iliyopotea njia ungali tumboni mwa mamako,
ikabaki ndani ikijiambua, ganda juu ya ganda,
miaka hamsini. Wapasuaji wakiifungua hung'aa.
Huuita uvimbe wa lulu."

Nilicheka, na shavu likanilipa papo hapo.
Marehemu mume wangu aliniahidi lulu usiku wa fungate,
akafa akidaiwa.

Upasuaji ni mwezi ujao, Mombasa.
Wamesema huenda wasiitoe yote:
palipong'ang'ania sana wataiacha.
Nimetia saini kwa mkono wa sindano.

Sasa alfajiri nikishika birika
hulitikisa kwanza.
Nikisikia yanatembea,
nayaamini,
ingawa mkono bado wasimama hewani.